Mfano Uliotangulia



Wasomaji wetu, juma hili twaomba radhi. Tuliahidi kuendelea na mlango wa funga za sunna, lakini kuna jambo limetukaa kifuani tangu mwaka juzi, nalo latuhusu sisi tulioketi mbele ya watu tukakubali kuitwa walimu. Tumeona tulieleze hapa, kwa kuwa baadhi ya wenye haki katika jambo hili ni wasomaji wa kurasa hizi.

Asubuhi moja tulikuwa katika feri ya Likoni tukivuka kwenda kisiwani. Saa ile feri huwa haina nafasi ya kugeuza shingo: mikokoteni, magari, wanafunzi, wachuuzi, kila mmoja ametazama ng'ambo kana kwamba akiitazama sana itakaribia. Karibu nasi alisimama mama tuliyemjua. Alikuwa amesoma katika darsa letu, na kabla ya hapo ahali yetu alikuwa mteja wake, kwani alikuwa akiuza leso. Alizinunua kwa jumla mjini, Biashara Street, akazipitisha nyumba kwa nyumba huku Likoni, huyu akilipa taslimu, yule akilipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Siku hiyo hakuwa na fuko lake.

Tulimsalimu, tukamuuliza, “Mama, leso ziko wapi siku hizi?”

“Nimeziacha, sheikh. Sasa nafulia watu nguo huko Kizingo.”

“Kwa nini umeziacha, nawe ulikuwa na wateja?”

“Nimetubu. Ile ilikuwa riba. Si nyinyi wenyewe mliotufundisha?”

Kivuko kile ni kifupi. Kabla hatujapata la kujibu, mlango wa feri ulikwisha kuteremshwa, watu wakamiminika, naye akapotea katika umati akipanda ule mlima wa upande wa kisiwani. Jioni tulimsimulia ahali yetu, naye akatueleza tusilolijua: kwamba tangu mama yule aache leso, binti yake aliyekuwa kidato cha pili alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo.

Sasa tueleze biashara yake ilivyokuwa, ili msomaji apime mwenyewe. Jozi ya leso aliinunua kwa shilingi 400. Aliyelipa papo hapo alimuuzia kwa 500. Aliyetaka kulipa kwa miezi mitatu alimuuzia kwa 600, bei ikakubaliwa palepale mlangoni, na mnunuzi akichelewa hakumwongezea kitu. Wanachuoni wengi wa madhehebu yote manne wameijuzisha biashara ya namna hii, madamu bei ni moja, imekatwa kabla ya watu kuachana, na haipandi baadaye. Mama yule hakufanya kosa. Aliacha halali yake akidhani ni haramu, na aliyempa dhana hiyo ni sisi.

Kabla mwezi haujaisha, akaja bibi mmoja mzee, naye pia wa darsa lilelile, amekumbatia daftari. Alitaka dua. Yeye na wenzake 17 walikuwa na chama, na chama kilikuwa kikiendelea vizuri. Tulilifungua lile daftari ili tuone majina ya kuombea, jicho likaangukia safu ya mwisho. Aliyechukua elfu tano alirudisha elfu tano na mia tano mwisho wa mwezi. Aliyechukua elfu kumi alirudisha elfu kumi na moja. Kurasa na kurasa, kwa mwandiko mzuri.

“Bibi, hii mia tano ni ya nini?”

“Hiyo ni faida, mwanangu. Yaingia chamani, mwisho wa mwaka twagawana sisi wenyewe.”

“Nanyi hamuoni kuwa ni riba?”

Alitutazama kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwalimu somo lake. “Riba ni ya benki, sheikh. Sisi hata afisi hatuna.”

Basi hao ni wanafunzi wawili, wamekaa mkeka mmoja, wamesikia maneno yaleyale. Mmoja ametoka akiiona riba mahali isipokuwapo, mwingine ametoka akiilea nyumbani asiione. Kama wangekuwa wameelewa vibaya kwa njia moja tungesema huenda ulimi uliteleza siku fulani. Lakini kukosea huku na kule kwa pamoja kulitulazimu tukatafute daftari letu wenyewe la maandalizi, tukae nalo usiku, tuone ni nini hasa tulichowapa watu wale.

Darsa lilikuwa la akina mama, Alhamisi baada ya Alasiri, pazia likiwa baina yetu na wao, na somo lilikuwa miamala. Siku ya kwanza tulipiga mfano wa benki: mtu amekopa shilingi laki moja, arudishe laki na elfu ishirini. Siku ya pili tukaleta akiba ya benki inayozaa. Siku ya tatu mikopo ya simu. Siku ya nne shailoki wa mtaani mwenye afisi ya mabati. Tulidhani twawarahisishia: mfano mmoja, kisha nduguye, kisha nduguye tena, hadi sura ya jambo ikae. Hadithi ya Bilali na tende zake, ambayo tutaitaja mbele, tuliisoma siku ya mwisho kabisa, dakika chache kabla ya Magharibi, kwa sababu Shaabani ilikuwa yaisha na kila mtu ana haraka ya Ramadhani. Kisha tukawajaribu. Maswali yetu yalikuwa ya benki nyingine na mkopo mwingine wa simu. Wote wakajibu sawasawa. Tukamshukuru Mola, tukafunga kwa dua.

Ufafanuzi tuliutoa, tena kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Lakini ufafanuzi aghalabu haufiki nyumbani. Mtu huchukua mfano, hasa ule wa kwanza, na mifano inayofuata ikifanana na wa kwanza yote humzidishia yakini tu. Na ile mifano yetu minne ilifanana kwa mambo mengi mno. Ilikuwa na mkopo. Ilikuwa na pesa kuzidi. Ilikuwa na mgeni usiyemjua, karatasi, afisi. Lipi kati ya hayo ndilo linaloifanya riba kuwa riba? Mifano haikusema, kwani hapakuwa na hata mmoja uliokuwa na hili ukakosa lile. Muuza leso alichagua kuzidi kwa pesa: mia tano imekuwa mia sita, basi. Bibi wa chama alichagua afisi. Kila mmoja alitumia akili yake vizuri kwa kile alichopewa.

Lililotuumiza zaidi ni kwamba somo hili la kupanga tulilipata utotoni, tena kwa mtu asiyejua hata kuandika jina lake kwa herufi za Kizungu.

Tulisoma chuo Mtongwe, miaka ya sabini. Maalimu wetu alianza kama wote walivyoanza, alifu, be, te, the, nasi tukiimba kwa sauti moja ile hesabu ya nukta, nani anayo chini, nani anazo juu. Mpangilio huo wa herufi hauko bure. Zilizofanana umbo zimewekwa bega kwa bega, be na te na the, jimu na ha na kha, ili jicho lione kwamba mwili ni mmoja na kilichotenganisha ni nukta. Wanachuoni wauhusisha na Nasr bin Asim wa Basra, wa karne ya kwanza ya Hijria. Kabla yake palikuwa na abjadi, ambayo mpaka leo watu wahesabia tarikhi, na humo be imekaa na alifu na jimu, wasiofanana naye hata kidogo. Naye Khalil bin Ahmad, alipotunga kamusi yake katika karne ya pili, aliiacha mipango yote miwili akaanza na ain, kwa kuwa yatoka ndani ya koo, akaja nayo taratibu hadi midomoni. Herufi ni zilezile. Anayetaka kuhesabu azipange hivi, anayetaka mtoto atofautishe maumbo azipange vile, anayetaka kufundisha matamshi ana njia yake.

Tuliimba tukawa hodari, wazazi wakipita njiani wasimama kusikiliza. Siku moja maalimu akatoa kipande cha karatasi chenye tundu katikati, akakilaza juu ya juzuu, ikabaki herufi moja peke yake inatutazama. Tukanyamaza. Mbali na jirani zake hatukuijua. Kha tulikuwa twaijua kwa kuwa yaja baada ya ha, kama mtu anayemjua jirani kwa mlango wake tu na akikutana naye sokoni ampita. Maalimu hakutupiga siku hiyo, jambo la nadra. Alisema, “Mmesoma safu, hamjasoma herufi.” Kuanzia kesho yake tuliimba mara moja tu, kisha njukuti yake ikaanza kuruka: kutoka jimu hadi nuni, kutoka nuni hadi the, arudi be, bila utaratibu tuliouweza kuukisia. Tulimchukia majuma mawili hivi. Baadaye tukasoma.

Tuangalie basi alivyofanya. Kwanza aliwaweka wanaofanana pamoja ili tofauti ionekane. Kisha akavunja safu, ili tusiitegemee.

Tulipokua tukaingia katika nahau, na baada ya miaka tukaifundisha, na hapo pia tulipata onyo ambalo hatukulisikia. Kila aliyesoma nahau awajua Zaid na Amru. Zaid amempiga Amru katika vitabu vya Waarabu kwa zaidi ya miaka elfu moja na hakuna kadhi aliyeamua kesi yao. Mwanafunzi hupewa Zaid amepiga, Zaid amesimama, Zaid amekula, akaambiwa huyo ndiye faili, yaani mtendaji. Huelewa upesi. Kisha siku moja huletewa Zaid amekufa, na huambiwa Zaid bado ni faili. Kijana mmoja alitusimamisha hapo: “Maalimu, maiti ametenda nini?” Darasa zima likacheka, nasi tukacheka nalo, na tukapita. Yatupasa tungalisimama. Kijana yule alikuwa ametuonyesha kwamba kwa miezi mitatu tulimfundisha maana ya neno “kutenda”, wala hatukumfundisha nafasi ya jina katika jumla na dhuma iliyo mwishoni mwake. Laiti maiti angaliletwa siku ya pili, baada tu ya yule aliyesimama, kijana angalitafuta mapema ni kitu gani kilichowakutanisha watu wawili wasiofanana vile.

Hayo yote tulikuwa nayo, na tulipokuja kufundisha riba tukapanga safu.

Binti yetu asomea ualimu. Tulipomweleza habari ya leso na ya daftari alinyamaza, kisha akasema, “Baba, hili limepimwa.” Akatueleza kuwa mwaka 2008 wataalamu wawili wa Marekani, Nate Kornell na Robert Bjork, waliwaonyesha wanafunzi picha za mandhari zilizochorwa na wachoraji 12 wasiojulikana sana, ili wajifunze mkono wa kila mchoraji. (Suala la picha kisharia tuliache, si mahali pake, hizi zilikuwa miti na mito.) Picha za wachoraji wengine zilipangwa zote pamoja, za huyu zikaisha ndipo zikaja za yule. Za wengine zilichanganywa. Kisha wanafunzi wakaletewa picha mpya wasizoziona kabla, waseme kila moja ni ya nani. Kwa wachoraji ambao picha zao zilichanganywa walijibu vizuri zaidi. Lakini walipoulizwa ni njia ipi iliyowafaa, wengi walisema ile ya safu.

Hilo la mwisho lilitutia baridi. Mwanafunzi aliyepangiwa safu hutoka ameridhika, na mwalimu wake naye ameridhika, wala hakuna wa kuwaambia. Sisi tulifunga darsa letu kwa dua.

Tulimuuliza binti kama basi kila kitu kichanganywe. Akasema la, watafiti waliokuja baadaye waliona kwamba mambo yanayofanana sana, ambayo ni rahisi kuyachanganya, ndiyo hunufaika yakiwekwa kwa kupokezana, kwani hapo kazi ni kuona tofauti. Na mambo ambayo kila aina yake ina sura nyingi zilizo mbali, mwanafunzi hunufaika akikaa kwanza na aina moja, kwani hapo kazi ni kuona kinachowaunganisha. Sisi tuna pingamizi yetu pia. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoikamilisha mwaka 1377, aliwaonya walimu wasimchanganyie mwanafunzi elimu mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa fikra yagawanyika na zote mbili humponyoka. Yeye alitaka somo lipitiwe mara tatu, kwanza kwa jumla na kwa mifano iliyo karibu, kisha kwa sherehe, kisha kwa yale mafundo yake, na alilalamika kuhusu walimu waanzao na mafundo. Baada ya kufikiri tumeona hapana ugomvi. Yeye asema juu ya elimu mbili, fiqhi na hesabu tuseme, nasi twasema juu ya mifano ndani ya mlango mmoja. Lakini onyo lake tulilichukua: pambanuo la kwanza lazima liwe jepesi, ama sivyo wanafunzi watatukimbia.

Na tena, sisi ndio tungalikuwa wa mwisho kusahau kwamba utaratibu ni sehemu ya mafunzo. Mtoto huanza na Alhamdu, kisha hurukia mwisho wa msahafu, Qul audhu, apande kurudi nyuma sura kwa sura. Hakuna amwanzishiaye Suratul Baqara. Na Bibi Aisha (r.a.) amepokewa katika Sahihi ya Bukhari akieleza kwamba zilitangulia kushuka sura zenye kutaja Pepo na Moto, na watu walipotulia katika Uislamu ndipo ikashuka halali na haramu, na lau amri ya kwanza ingalikuwa ya kuacha ulevi, watu wangalisema hawauachi kamwe.

Basi mwaka jana tulilianza upya darsa la miamala. Ufafanuzi hatukuutoa siku ya kwanza. Tuliwaeleza habari za wanawake wawili. Wa kwanza ana jozi ya leso. Aiuza kwa shilingi 600, zilipwe kwa miezi mitatu. Wa pili ana shilingi 500. Amkopesha jirani, arudishiwe 600 baada ya miezi mitatu. Hesabu ileile, muda uleule, mtaa uleule, hapana benki wala karatasi. Tukawaambia mmoja wao anafanya halali na mwingine haramu, na tukanyamaza.

Nyuma ya pazia ikazuka kelele ambayo hatujapata kuisikia katika miaka yote ya kufundisha. Wengine walisema wote wawili ni haramu. Mmoja alisema wote ni halali kwa sababu wote ni masikini. Mwishowe sauti moja, hatuijui ya nani, ikasema: “Huyu leso imetoka. Yule pesa imetoka, pesa ikarudi na mwana.” Tulimwomba alirudie ili tuandike.

Hapo tukabadilisha kitu kimoja tu. Yule muuza leso, mnunuzi wake amechelewa, naye amemwambia, “Nakuongezea mwezi, lakini sasa ni 650.” Je? Wakaona wenyewe kwamba amevuka, kwa kuwa leso ilikwisha kuuzwa na sasa anauza muda juu ya deni.

Juma la pili tuliileta ile hadithi tuliyoizika mwishoni mara ya kwanza. Bilali (r.a.) alimletea Mtume (s.a.w.) tende nzuri. Akaulizwa zimetoka wapi. Akasema alikuwa na tende hafifu, akatoa pishi mbili akachukua pishi moja ya hizi. Mtume akamkemea kwamba hiyo ndiyo riba yenyewe, na akamwelekeza auze zile hafifu kwanza, kisha kwa thamani yake anunue nzuri. Hapana mkopo hapo, hapana muda, hapana hata shilingi. Tulimuuliza kila mmoja afikirie jikoni kwake: jirani akija na pishi mbili za mchele wa kuvunjika ataka pishi moja ya pishori? Kimya kirefu. Baadhi yao walikuwa wamefanya hivyo juma lilelile.

Juma la tatu tukarudi kwenye pesa, chama kisicho na nyongeza, kisha chama chenye nyongeza inayogawanywa na wenyewe, kimoja baada ya kingine. Benki tuliileta juma la tano, na ilituchukua robo saa. Hata swali lililotutoa jasho mwaka 2008, zilipoanza kazi hapa nchini Gulf African na First Community, benki za mwanzo za Kiislamu, lilipata jibu kutoka kwao. Wakati ule watu wa Likoni walituuliza: hawa nao wanunua gari kwa bei hii wakauza kwa bei ya juu kwa muda, tofauti iko wapi? Tulijibu kwa ukali usiostahili. Ni swali la kweli. Suratul Baqara, aya ya 275, yawataja watu waliodai kwamba biashara ni kama riba tu, na wasingedai hivyo kama viwili hivyo havikufanana machoni. Safari hii akina mama waliuliza kabla yetu: je, gari limekuwa mali ya benki kweli kabla ya kuuzwa, na likiungua kabla hasara ni ya nani?

Tusijisifu. Baada ya juma la pili ujumbe ulitufikia kupitia kwa ahali yetu kwamba somo limekuwa gumu na baadhi wanatamani sheikh afundishe kama zamani, mambo yakienda moja kwa moja. Sita waliacha kuja. Hatujui kama tuliwapoteza kwa sababu ya njia au kwa sababu ya mvua, kwani ilikuwa masika. Na wako waliobaki ambao mpaka leo huchanganya pishi na mkopo.

Yaliyobaki ni madeni. Bibi wa chama na wenzake walipoelezwa walilia kidogo, kisha wakafungua daftari. Tulikaa nao jioni mbili, tukihesabu kila nyongeza iliyotoka kwa nani, kwa kuwa mwenye kutubu ana haki ya rasilimali yake tu. Mmoja aliyelipa nyongeza nyingi kuliko wote yuko Saudia kikazi. Zake walikabidhiwa wazazi wake. Muuza leso tulimwendea nyumbani pamoja na ahali yetu, tukamwambia mbele ya binti yake kwamba kosa lilikuwa letu. Hakusema mengi. Alisema muhula haurudi. Kisha akaingia ndani, akatoka na jozi tatu zilizobaki tangu siku ile, zimeanza kupauka kwenye mikunjo. Tulichukua moja kwa shilingi 600 za miezi mitatu. Tumelipa mara mbili, na awamu ya mwisho ni Ijumaa ijayo.

Orodha ya darsa lile la kwanza ina majina 31. Tumewapata 24, kila mmoja tumeketi naye au tumetuma ahali yetu, tukamweleza leso na tende. Saba bado. Wengine wamehamia Kisauni, wengine Changamwe, mmoja tumeambiwa yuko Ukunda. Ikiwa wewe usomaye ulikuwa nyuma ya pazia Alhamisi zile, au wamjua aliyekuwapo, twakuomba uje msikiti uleule, siku ileile, baada ya Alasiri. Njoo na daftari lako, kama unalo.